Kabla ya Kujenga Kipkelion: Maji Yatatoka Wapi, Majitaka Yataenda Wapi?

Mtu anaponunua ploti Chepseon, Kedowa au Londiani, swali la kwanza huwa ni hati, na la pili ni barabara na stima. Swali la maji mara nyingi hujibiwa kwa kidole: "Bomba si lile pale, linapita kando ya ua." Mnunuzi huridhika, akalipa, akajenga vyumba vya kupangisha. Miezi michache baadaye wapangaji wanaanza kuhama kwa sababu mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Majirani waliokuwa na maji kabla ya jengo hilo nao wanalalamika, kwa kuwa mgao wao umepungua.

Hapo kila mtu hulaumu mwenzake. Ukweli ni kwamba bomba kupita mbele ya ploti si ahadi ya maji. Kila mradi wa maji una kipimo chake, na kazi ya kugawa kipimo hicho kati ya waliopo na wanaokuja ni sehemu ya mipango ya miji. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, na mwananchi anavyoweza kuitumia kujilinda.

Namba tatu za kujua

Kabla ya kuruhusu jengo jipya, wahandisi hutazama namba tatu: maji yanayozalishwa kwa siku, maji yanayotumika tayari, na maji yaliyokwisha kuahidiwa. Hii ya tatu ndiyo husahaulika. Kibali kilichotolewa mwaka jana kwa jengo ambalo bado ni msingi tu hakijaanza kutumia maji, lakini kitayadai jengo litakapokamilika.

Chukua mfano wa kubuni. Mradi unazalisha mita za ujazo 1,000 kwa siku, yaani lita milioni moja. Katika Kenya kwa jumla, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayalipiwi, kwa sababu ya mabomba yanayovuja, mita mbovu na wizi. Mradi wetu ukipoteza asilimia 40, zinabaki mita 600. Wateja waliopo wanatumia 520, kwa hivyo inaonekana kuna ziada ya 80. Lakini vibali ambavyo majengo yake hayajakamilika vinahitaji 60. Ziada ya kweli ni mita 20 tu.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha njia moja ya kutokea. Upotevu ukishuka kutoka asilimia 40 hadi 30, mradi unapata mita 100 zaidi kila siku bila kuchukua tone jingine mtoni. Ndiyo maana kuripoti bomba lililopasuka si kero ndogo. Maji hayo ndiyo ambayo nyumba ijayo ingepewa.

Jengo moja hutumia kiasi gani?

Mwongozo wa usanifu wa miradi ya maji nchini hukadiria lita 75 kwa mtu kwa siku katika makazi ya mjini ya kipato cha chini, na lita 150 katika ya kipato cha kati. Mwanafunzi wa shule ya bweni hukadiriwa lita 50. Ng'ombe wa gredi naye hukadiriwa lita 50, jambo la maana katika eneo la ufugaji wa maziwa kama Kipkelion.

Sasa tazama nyumba ya kupangisha yenye vyumba 20, kila kimoja kikiwa na watu watatu. Hao ni watu 60, na mahitaji yao ni lita 4,500 kwa siku. Nyumba kumi za aina hiyo zinahitaji mita za ujazo 45. Katika mfano wetu, ziada ya mita 20 haiwezi kuzibeba. Shule moja ya bweni yenye wanafunzi 400 ingeimaliza yote peke yake.

Maji yakiingia lazima yatoke

Kwa kawaida wahandisi huchukulia kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa majitaka. Nyumba yetu ya vyumba 20 itatoa lita 3,600 kila siku. Kama udongo hauwezi kuyanywa, lori la kunyonya choo lenye tangi la lita 10,000 lingejaa kabla ya siku ya tatu kwisha.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa chini ya kaya moja kati ya kumi nchini ilikuwa imeunganishwa na bomba kuu la majitaka. Katika vituo vingi vya biashara vya Kipkelion, majitaka huishia kwenye choo cha shimo au tangi la chini ya ardhi. Mfumo huo unafaa palipo na ploti pana na watu wachache. Ploti zikigawanywa vipande vidogo na kila kimoja kikajengwa hadi mpakani, mashimo hukaribiana na visima. Kanuni inayotumiwa sana ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima cha maji ya kunywa.

Hata palipo na mabomba ya majitaka, mabwawa ya kusafishia yana kipimo chake. Mji unaweza kuwa na maji ya kutosha huku mabwawa yakiwa yamejaa. Ndiyo maana hesabu mbili hufanywa, ya kuingia na ya kutoka, na ile iliyo ndogo ndiyo inayoamua.

Tena, majitaka ya Kipkelion hayaishii Kipkelion. Mto Kipchorian huungana na maji ya Nyando, ambayo hupita Ahero na kuingia Ziwa Victoria.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Ratiba ya Nne inaweka huduma za maji na usafi, pamoja na mipango ya maendeleo ya kaunti, mikononi mwa serikali za kaunti.

Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kuwa na ploti hakukupi ruhusa ya kuchimba kisima kirefu bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria hiyo pia inayapa matumizi ya nyumbani nafasi ya kwanza mbele ya matumizi mengine yote.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza ujenzi bila kibali cha kaunti. Kaunti inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti. Mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, sheria huchukulia kwamba amekubaliwa. Kwa hivyo kimya cha ofisi nacho ni uamuzi, na hugawa maji bila hesabu. Asiyeridhika, awe mwombaji au jirani anayeguswa na jambo hilo, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango.

Waliochelewa kuhesabu

Bwawa la Ndakaini linaloinywesha Nairobi lilikamilika 1994, na hubeba mita za ujazo milioni 70. Sensa ya 1989 ilihesabu watu wapatao milioni 1.3 jijini, ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Kilimani na Kileleshwa, maghorofa yalisimama palipokuwa na nyumba ya familia moja. Januari 2017 jiji liliingia katika mgao wa maji.

Marekani, jimbo la Arizona lilipitisha sheria mwaka 1980 inayomtaka anayegawa ploti katika maeneo maalum kuthibitisha kwamba maji yatatosha kwa miaka 100. Mwezi Juni 2023, hesabu zilipoonyesha upungufu, jimbo lilisimamisha idhini mpya za ploti zinazotegemea maji ya ardhini karibu na jiji la Phoenix. Wenye idhini za awali waliendelea. Kilichosimamishwa ni ahadi mpya.

Nani apewe kwanza?

Njia rahisi ni anayewahi ndiye anayepata. Lakini mara nyingi anayewahi ni yule mwenye mchoro na pesa za ada, huku mama anayebeba mtungi akiwa hana fomu yoyote ofisini. Haki inataka waliopo wasipunguziwe, na sehemu ya maji iwekewe akiba vioski, zahanati na shule. Mwenye jengo kubwa anaweza kuruhusiwa kujenga kwa awamu, au kuwekewa sharti la matangi ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita mraba 100 ni lita 100. Mvua ya milimita 20 huleta karibu lita 2,000.

Kabla hujalipa ploti au kuanza msingi, uliza:

1. Je, kampuni ya maji au kamati ya mradi inaweza kuandika barua kuonyesha kiasi cha maji ploti hii itapata kwa siku?
2. Ni vibali vingapi vimetolewa kwenye laini hii ambavyo majengo yake hayajakamilika?
3. Majitaka yataenda wapi, na udongo umepimwa kama unayanywa?
4. Kisima cha karibu kiko umbali gani, upande wa juu au wa chini wa mteremko?
5. Kibali kina masharti gani, na nani atakagua?

Maswali hayo hayo yanafaa kuulizwa kwenye barasa na vikao vya ushirikishaji wa umma, mipango na bajeti ya wodi inapojadiliwa. Jibu la mdomo lisitoshe. Omba liandikwe.