Chumba cha Chini na Maji ya Mlimani: Kwa Kaya za Mbeya na Iringa

Iringa imekaa juu ya kilima kinachoteremka hadi Mto Ruaha Mdogo. Mbeya imelala chini ya Mlima Loleza. Anayejenga huku mara nyingi hukata mteremko, na chini ya sebule hupata chumba ambacho ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo. Huwa stoo ya mahindi, chumba cha vijana, au hupangishwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo ule hushiba maji ya mvua na zege huyanyonya. Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, tunafunga madirisha na mvuke wetu wenyewe unabaki ndani.

Ndipo uvundo unapoanza, rangi inabanduka, ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi, na madoa meusi ya fangasi yanatambaa pembeni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na fangasi majumbani: wanaoishi katika nyumba hizo huugua zaidi pumu, kikohozi na magonjwa ya njia ya hewa. Mtoto akikohoa kila usiku nyumbani na kupata nafuu akilala kwa bibi yake, mpeleke kituo cha afya, na siku hiyohiyo sogeza kitanda chake ukague ukuta.

Jua kwanza maji yanatoka wapi

Chukua kipande cha nailoni ngumu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Majimaji yakiwa kati ya nailoni na ukuta, yanatoka kwenye udongo. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Nyumba nyingine ina yote mawili.

Maji ya udongo hayatibiwi kwa rangi. Rangi ya mafuta huyafungia ukutani, na msimu wa mvua ukipita huvimba na kubanduka. Fedha hiyo itumie nje: weka gata na bomba la kupeleka maji ya bati mbali na msingi, na chimba upande wa mlimani mfereji wenye kokoto unaoteremkia pembeni ya nyumba. Anayejenga sasa amsimamie fundi alaze nailoni nzito chini ya jamvi na kupaka lami ukuta wa upande wa udongo kabla ya kufukia. Ukishafukia, kurekebisha ni kuchimbua upya.

Kwa mvuke, funika sufuria, anika nguo nje, na acha nafasi ya shubiri moja kati ya kabati na ukuta. Kiangazi fungua madirisha mchana, jua likiwa kali. Machi, ukungu unapotanda kutwa, kufungua muda mrefu huingiza maji mengine. Subiri mvua ikatike.

Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa

Kila msimu wa baridi kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili wapate joto na kuta zikauke. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Kichwa kikiuma, ukasikia kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote mara moja, kisha nendeni hospitali.

Fangasi usiifagie ikiwa kavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia mapafuni. Vaa barakoa na glovu, sugua kwa maji ya sabuni, kausha. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa nyingine ya usafi. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Godoro la sponji lililoota fangasi litupwe.

Mahindi ya stoo

Mahindi yenye unyevu huota fangasi inayotoa sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, yarudishe juani. Yaliyokwisha kuota fangasi usiyasage, wala usiwape kuku au ng'ombe wa maziwa.