SOMO: KAZI YA MNUNUZI WA MAZAO KATIKA CHAMA CHA MSINGI

Mkulima wa Kinole au Tegetero ateremkaye milima ya Uluguru na mzigo wa karafuu kichwani hana nguvu ya kuupandisha tena jioni iwapo uzito aliopimiwa haukumridhisha. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa chama ana uwezo mkubwa juu yake, na kazi hii yahitaji mtu aliyefunzwa na mwaminifu. Somo hili ni la vijana wanaokusudia kuifanya na la kamati zinazowaajiri.

1. Kulijua zao

Mnunuzi hulikagua zao kwanza, ndipo hulipima. Karafuu iliyokauka vizuri huvunjika ikikunjwa. Ambayo haijakauka hupinda, na ikiingia ghalani huota ukungu. Pilipili manga mbichi kilo 3 hutoa karibu kilo 1 iliyokauka. Anayepokea zao bichi kwa bei ya kavu hukitia chama hasara. Anayelikata bei zao kavu kwa kisingizio cha unyevu humwibia mwanachama.

2. Mizani

Mizani ya biashara sharti ikaguliwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Pamoja na hayo, mnunuzi huipima kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana, mbele ya wakulima. Chukua mfano: mizani inapunguza kilo 1 katika kila kilo 20. Mkulima mwenye kilo 60 huandikiwa 57. Wakulima 200 wa namna hiyo hupoteza kilo 600.

3. Maandishi

Stakabadhi huandikwa papo hapo, ikionyesha jina, zao, daraja, uzito, bei na jumla ya fedha. Mkulima husomewa, kisha hupewa nakala yake. Jioni jumla ya stakabadhi hulinganishwa na mzigo uliomo ghalani.

Hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Upungufu ukionekana, mnunuzi huitwa ajieleze; ziada ikionekana, husifiwa kwamba amekiletea chama faida. Lakini karafuu haizai ghalani. Kwa kawaida hupungua kidogo kwa kuendelea kukauka. Zile kilo 600 za mfano wetu zitaonekana kama ziada, nazo ni mali ya wakulima waliopunjwa. Basi ziada ichunguzwe kwa ukali ule ule wa upungufu.

4. Njia ya kujifunza

Kijana aliyemaliza kidato cha nne aweza kuanza kwa kumsaidia karani wa chama wakati wa msimu. Masomo ya ushirika hutolewa Moshi, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Atakaye kuendelea katika fani ya ununuzi hufanya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na kuandikishwa nayo. Vyeti humfungulia mlango wa kazi, bali imani ya wanachama huipata penye mizani, msimu baada ya msimu.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Mizani ya chama chetu ilikaguliwa lini?
2. Je, kila mwanachama hupewa stakabadhi kabla ya kuondoka?
3. Msimu uliopita ghala lilikuwa na ziada? Ilitoka wapi, na nani alilipwa?