Bunduki Humuua Nani?

Wengi wetu, tusikiapo habari za bunduki za Marekani, hudhani kuwa wafao kwa bunduki huko wote huuawa na wengine. Sivyo. Katika mwaka 2021 walikufa kwa bunduki watu 48,830 katika nchi ile: waliouawa na wenziwao ni 20,958, na waliojiua wenyewe ni 26,328. Mwaka 2023 jumla ilishuka ikawa 46,728, na waliouawa wakapungua wakawa 17,927. Lakini waliojiua walizidi wakafika 27,300.

Basi na tuizingatie hesabu hii. Mtu huiweka silaha nyumbani kwa kumwogopa mwizi, na mwizi huenda asije kamwe. Lakini huzuni huja bila ya kupiga hodi. Azma ya kujiua mara nyingi ni ya saa chache. Ikipita, mtu hurudi akapenda kuishi. Risasi haimpi nafasi ya kujuta: katika kila watu 10 wajipigao, karibu 9 hufa.

Kujiua ni haramu, sote twajua; lakini kujua peke yake hakutoshi. Tumwonapo ndugu yetu amezongwa na huzuni, yatupasa tumwondolee silaha na tukae naye, ndipo tumpe mawaidha.