Daftari la Mfukoni la Askofu Hannington

Somo: Zaburi 30



Kila tarehe 29 Oktoba Waanglikana humkumbuka Askofu James Hannington. Safari yake ya kwanza, ya 1882 na 1883, ilimfikisha huku kwetu kusini mwa Ziwa Viktoria. Maradhi yakamrudisha Uingereza. Mwaka 1885 alikuja tena akiwa Askofu, akashika njia ya Mombasa kwenda Buganda. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa Busoga, akafungwa kibandani. Siku ya nane aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wapagazi wake wengi pamoja naye.

Mizigo ya msafara ikatawanyika. Lakini daftari lake dogo la mfukoni halikupotea. Mkristo mmoja wa Buganda alilinunua kwa mtu wa kundi la wauaji.

Humo aliandika kila siku ya kifungo chake: homa, wadudu, hofu ya kifo. Siku ya mwisho aliandika kwamba usiku fisi alilia karibu naye, na kwamba Zaburi ya 30 imemtia nguvu. Hakuficha udhaifu wake, ndiyo maana ushuhuda wake tunausadiki.

Ndugu zangu, wazee wetu wangapi wamezikwa pamoja na habari zao? Daftari la shule linatosha. Mketi mzee wako Jumapili hii, muulize nani alimbatiza, wapi, na mwaka gani. Andika leo.

Swali: Ni jambo gani la imani yako ungependa wajukuu walisome, hata kama ni la udhaifu?