Mtoto Akionekana Mwaloni Saa za Masomo

Saa nne asubuhi, mtoto wa miaka kumi anageuza dagaa walioanikwa huku wenzake wakiwa darasani. Mgambo akitokea, anatimua mbio. Kesho yupo palepale, kwa sababu aliyemtuma hajaguswa.

Wazazi na viongozi wa kijiji chetu cha Nyegina, tuelewane. Mtoto kuonekana njiani mchana si kosa la jinai. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 kinataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule, na akishaandikishwa ahudhurie hadi amalize elimu ya msingi. Anayebanwa kuhakikisha hilo ni mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili, kwa hiyo kumkimbiza na fimbo hadi ofisi ya kijiji si kusimamia elimu.

Tena si kila aliye nje ni mtoro. Yupo anayetoka zahanati, yupo wa zamu ya mchana, na yupo wa MEMKWA, mpango wa watoto walioikosa elimu ya msingi, ambao ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tano, Musoma Vijijini ikiwamo. Wachache hufundishwa nyumbani. Mzazi wa namna hiyo aende mwenyewe kwa afisa elimu kata akaeleze mtoto anasoma nini na nani anamfundisha. Asimwachie mtoto kujitetea mbele ya mgambo.

Kuna wanaosema, “Huyu umri umeshampita, acha avue.” Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa hapahapa Nyegina mwaka 1943, alianza shule Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Angeachwa achunge tu, sijui leo tungekuwa tunamsimulia nani.

Ukimkuta mtoto nje, muulize kwa upole anasoma wapi, zamu gani, na nani kamtuma. Kama ni mtoro, mfikishe kwa mwalimu mkuu, na mzazi aitwe siku hiyohiyo. Ukiona ananyanyaswa au anatumikishwa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Sheria ya Mtoto hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Mwenye dagaa naye aitwe ofisini, hata kama ni jirani yako.