Majina ya Wasichana katika Bonde la Lambwe: Maana ya Neno na Sababu ya Jina

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa maana ya jina Atieno hujibu bila kusita: "msichana aliyezaliwa usiku". Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa msamiati wa Kijaluo, kwani *otieno* ni usiku. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Lambwe jibu hilo huwa si kweli kumhusu Atieno mwenyewe. Huenda alizaliwa saa sita mchana, jua likiwa la utosi, akapewa jina la nyanya yake aliyekwisha kufariki. Makala haya yanachunguza pengo hilo lililopo baina ya maana ya neno na sababu ya jina. Vijitabu vingi vya majina ya watoto hulifumbia macho pengo hilo kwa kuandika jina upande mmoja na tafsiri yake upande wa pili, kana kwamba kazi imekwisha.

Bonde la Lambwe liko katika Kaunti ya Homa Bay, baina ya vilima vya Gwassi na mteremko mkali wa Kanyamwa, na ndani yake imo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Wenyeji wake ni Waluo pamoja na Wasuba, ambao asili yao ni Kibantu ingawa wengi wao sasa huzungumza Kijaluo. Upande wa kusini, katika Kaunti ya Migori, wapo pia Wakuria na Wakisii. Kwa hiyo si ajabu Akinyi, Boke na Kwamboka kukaa dawati moja.

Kiambishi na mzizi

Kimofolojia, majina mengi ya Kijaluo hujengwa kwa kiambishi awali na mzizi. Kiambishi *O-* huashiria mvulana na *A-* huashiria msichana: Otieno na Atieno, Okoth na Akoth, Okeyo na Akeyo. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba mzizi ni uleule. Msichana hatengewi majina ya maua na urembo huku kaka yake akipewa majina ya ushujaa. Wote wawili huitwa kwa mvua ile ile (*koth*) au kwa mavuno yale yale (*keyo*). Hali hii ni tofauti na ile ya jamii nyingi za Ulaya, ambako Rose na Lily ni za wasichana peke yao.

Kundi linalofahamika zaidi ni lile la nyakati za siku. Amondi huzaliwa alfajiri, Akinyi asubuhi, Anyango jua likiwa limekwisha kupanda, Achieng' mchana wa jua kali, Adhiambo jioni, na Atieno usiku. Mswahili wa pwani anaye Chausiku, lakini kwa jumla kalenda ya majina yake hufuata siku za juma na sikukuu: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi. Mmoja hutazama jua lilipo. Mwingine hutazama siku ya juma na mwezi wa Kiislamu. Mkisii naye anaye Kwamboka, jina litokanalo na kitenzi cha kuvuka mto.

Kanuni ya *A-* haikosi vighairi. Katika hadithi ya Grace Ogot iitwayo "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wa *Land Without Thunder* (1968), binti wa chifu anayetolewa kafara kwa ajili ya mvua anaitwa Oganda, yaani maharagwe. Msomaji aliyeikariri kanuni bila kuuliza mzizi atamdhania mvulana. Ogot mwenyewe, itakumbukwa, alikuwa Akinyi.

Majina ya majonzi

Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno hudhuru. Awiti hutokana na kitenzi cha kutupa, na Ajwang' na kitenzi cha kuacha au kutelekeza. Mwalimu mgeni akimwambia mtoto mbele ya darasa kwamba jina lake maana yake ni "aliyetupwa", amesema neno sahihi na kumtukana mtoto kwa pamoja. Ukweli ni kinyume chake. Mama aliyezika watoto mmoja baada ya mwingine akijaliwa mwingine, mtoto huyo aliwekwa njiani kana kwamba ametupwa, kisha mwanamke mwingine akamwokota na kumrudisha nyumbani. Kifo kilihadaiwa kwamba mtoto huyo hana mwenyewe. Awiti, basi, ndiye mtoto aliyetakwa kuliko wote.

Achola naye ni jina la msiba. Hupewa aliyezaliwa baada ya baba kufariki. Akech ni wa wakati wa njaa (*kech*). Apiyo na Adongo ni pacha, wa kwanza na wa pili, na Akelo ndiye awafuataye. Kiswahili kina Tabu, Shida na Mashaka, na hakuna Mswahili anayedhani kwamba mzazi wa Tabu alimchukia bintiye. Uelewa huo huo unastahili kuvuka bara.

Jina kama urithi

Kwa mujibu wa mila, mtoto aliyelia bila kunyamaza alitajiwa majina ya marehemu wa ukoo, na jina lililomnyamazisha ndilo lililokuwa lake. Marehemu pia aliweza kumjia mtu ndotoni na kudai jina. Jina la namna hii humrejesha mtu, wala halielezi saa. Ndiyo maana Akoth anaweza kuzaliwa kiangazi. Swali linalofaa kuulizwa Lambwe si "jina lako lina maana gani?" bali "wewe ni Akoth wa nani?"

Dini ziliongeza tabaka jingine. Mfano wa karibu ni Akumu, mama mzazi wa Barack Obama Mkubwa, aliyetoka katika eneo la Kendu Bay. Baada ya kusilimu aliitwa Habiba, yaani mpendwa. Jina la Kijaluo halikufutwa. Yalisimama pamoja, Habiba Akumu, kama vile Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Meksiko mwaka 1983, anavyobeba Amondi katikati ya jina la Kihispania na la ukoo.

Jina linapofunikwa

Msichana akiolewa, jina lake hutajwa kwa nadra. Kule alikoolewa huitwa kwa alikotoka, *nyar* Lambwe, binti wa Lambwe. Akizaa huitwa *min* fulani, mama wa fulani. Uswahilini mambo ni hayo hayo: binti Saad, kisha mama Asha. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja pamoja na sifa zake. Wachache hupanda hivyo. Wengi hujikuta wakiitwa jina lao la utotoni na ndugu zao tu, wanapokwenda kwao matangani.

Karatasi nazo zina yao. Achieng' na Ajwang' huishia na sauti ile ile ya *ng'ombe*, lakini katika orodha za madarasa na vyeti vingi alama ya ritifaa huachwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hukatwa alama akiandika "ngombe", ilhali jina la jirani yake huandikwa "Achieng" mwaka hadi mwaka na hakuna anayesahihisha. Kiswahili na Kijaluo huandika sauti hiyo kwa namna moja, hivyo hakuna udhuru wa kiothografia. Mhariri wa tamthilia au mfasiri anayempa mhusika jina hilo anaweza kuanza na alama hiyo moja, kisha aulize msichana huyo amerithi jina la nani.