Diski Kubwa Ndani ya Kompyuta Kongwe

*Barua tatu, kutoka mitaa ya Makiso, Mangobo na Lubunga, zauliza jambo moja: nimenunua diski ya terabaiti 3, mbona kompyuta yaonyesha gigabaiti 746 tu? Je, nimeuziwa diski bandia?*

Hamkudhulumiwa na muuzaji; aliyewadhulumu ni yule fundi mliyemtaja, ambaye, badala ya kukiri ujahili wake, aliihukumu diski kuwa mbovu, akaifomati mara tatu na kila mara akatoza ujira. Diski hugawanywa katika sekta za baiti 512, na kila sekta ina namba yake, kama vile kila parseli ya Mangobo ilivyo na namba yake. Ama ile MBR, daftari la kale la kugawia diski, ina nafasi ya biti 32 tu za kuandikia namba hiyo, kwa hiyo haiwezi asilani kupita sekta 4,294,967,296, ambazo ni takriban terabaiti 2.2. Hesabu ikifika hapo hurejea sifuri, na mlichoonyeshwa ni mabaki: baiti bilioni 801 hivi, ambazo kompyuta, kwa kuwa huipanga gigabaiti kwa 1,024 wala si kwa 1,000, huziandika 746. Namba hiyo si dalili ya ubovu! Kufomati hakuongezi hata sekta moja. Linalotakiwa ni daftari jipya, GPT, ambalo Windows XP ya biti 32 hailifahamu, ilhali Windows 7 hulisoma hata juu ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya kale, ingawa haiwezi kuwaka kutoka humo. Basi diski ndogo ya zamani na iendelee kuwasha mashine, na hii kubwa iwe ghala.

*Ni kweli kwamba diski kubwa huunguza kompyuta ya zamani?*

La.

*Diski ya gigabaiti 250 ilipojaa nusu, tasnifu yangu ilitoweka.*

Msiba huu hunisononesha kuliko yote, kwani ungeweza kuepukika. Yaelekea kisa ni hiki: Windows XP ya 2001, kabla ya Service Pack 1 ya 2002, ilihesabu sekta kwa biti 28, na kikomo chake ni gigabaiti 137. Ukiandika kupita hapo, maandishi yaweza kuangukia mwanzoni mwa diski, juu ya fahirisi yenyewe ya mafaili. Zima mashine sasa hivi, usiandike kitu, na asiruhusiwe mtu yeyote kuifomati: huenda kurasa zako bado zimo.

*Na umeme wa shirika la SNEL ukikatika ninapohamisha mafaili?*

Nakili, usihamishe, na nakala ya kwanza usiifute mpaka umeifungua ya pili ukaisoma.